Re: Mashine ya kufungulia nati, ninunue au nikodi?

Mkuu, kama gari unaligusa mara mbili tatu kwa mwaka, mashine ya betri ya kufungulia nati kodi tu. Kwa Toyota IST kama yangu, nati za magurudumu ni namba 21: spana ndefu na kipande cha bomba vinatosha, ila zilegeze kabla hujapiga jeki. Mashine utaihitaji kwenye nati ya ekseli iliyoshika kutu, kazi ya siku moja. Ukiikodi, ijaribu palepale mbele ya mwenyewe. Mimi niliwahi kupewa yenye betri iliyochoka, ikanguruma nati mbili ikazima. Hela yako nunulia jeki nzuri, stendi zake na spana ya kupimia mkazo. Hizo nati za magurudumu za IST zinakazwa 103 Nm (Nm ni kipimo cha mkazo), kwa mkono.