Barua kwa Rehema, kabla hajaenda Mattancherry

Tanga

Mwanangu Rehema,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza kama si vibaya, wewe na ushungi wako, kuingia sinagogi la Paradesi, nyumba ya ibada ya Wayahudi mtaa wa Mattancherry pale Kochi, India, siku ambayo shangazi yako hana miadi hospitalini. Kuingia wanaingia watu wa kila dini. La kujiuliza ni siku gani, maana hapo ndipo baba yako mdogo alipokwama.

Alifika Jumamosi. Dereva wa bajaji alijua fika kwamba ni Sabato na pamefungwa, akampeleka hivyo hivyo, kisha akamshusha kwenye duka la viungo ambako yeye hupata chochote. Ndugu yangu akarudi na iliki na habari za saa ya mnarani tu. Mpaka leo nachukia. Mtu avuke bahari yote hiyo aishie kutazama ukuta!

Basi nenda asubuhi, kati ya Jumapili na Alhamisi. Ijumaa hufungwa mapema, na mwezi wa Septemba na Oktoba sikukuu zao huandamana, kwa hiyo ulizia kwanza. Kutoka Ernakulam, upande wa bara wa mji, panda boti hadi Fort Kochi, halafu bajaji hadi Mattancherry; patana bei kabla hujakaa, na useme wazi kwamba hutaki duka. Viatu vinaachwa nje. Tiketi ni rupia chache, uwe na chenji. Begi kubwa na kamera usitegemee kuingia navyo.

Ukishaingia usikimbilie taa. Najua zinavutia, zile za vioo vya Ubelgiji zinazoning'inia kila upande. Lakini nimesema siku zote: nyumba ya ibada husomwa kuanzia sakafuni. Vigae vile, zaidi ya elfu moja, vililetwa kutoka China karne ya 18, buluu juu ya nyeupe, kila kimoja kimechorwa kwa mkono. Chagua viwili vilivyopakana uviinamie. Mti utadhani ni ule ule, kumbe tawi la huku limelala zaidi, na la kule mchoraji kalimaliza kwa haraka. Ukibaki umesimama utaapa vyote ni sawa.

Ndipo uinue macho. Katikati kuna mimbari yenye nguzo za shaba, na roshanini kuna ya pili, jambo la masinagogi ya Kerala, jimbo lenye Kochi. Wanawake walikaa nyuma yake. Ulizia pia zulia alilotoa Haile Selassie.

Jengo ni la 1568, kwenye kiwanja alichotoa Raja, yaani mfalme, wa Kochi, ukuta kwa ukuta na hekalu la kasri lake. Wareno walilishambulia 1662, mwaka uliofuata Waholanzi wakawafukuza, likajengwa upya. Mnara wa saa ulifuata karibu na 1760, kazi ya mfanyabiashara Ezekiel Rahabi.

Sasa rudi sakafuni. Waliokuwa na asili ya utumwa, Wayahudi kama wenzao, hawakupewa viti. Walikaa chini, au kwenye ngazi za nje. Abraham Barak Salem, aliyezaliwa 1882, alisoma sheria akawa wakili, na bado mahali pake palikuwa pale pale chini. Akapigana bila fujo, kwa njia ya Gandhi, akagoma na kudai miaka mingi mpaka vizuizi vikaanza kulegea. Hawa ndio waliobaguliwa, na waliowabagua ni kizazi cha watu waliofukuzwa Uhispania na Ureno kwa ajili ya dini yao! Halafu najirudi. Sisi wa pwani, wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa mtaa mmoja, tuna ubavu gani wa kuwanyooshea kidole? Tuna ubavu, nasema. Hapana, hatuna. Nina neno langu hapo na limeshafika kwenye ncha ya kalamu, ila sitaliandika. Kaone kwanza, tutabishana ukirudi.

Sala yao kamili inahitaji wanaume kumi waliobaleghe. Baada ya 1948 wengi walihamia Israeli, na sasa hata kumi hao hupatikana wakija wageni. Kwa hiyo ukikuta watu wanasali, toka, usisubiri kuambiwa.

Shangazi yako akitaka kufuatana nawe, mvalishe soksi nene zisizoteleza. Vigae ni laini sana, na yeye goti lake unalijua.

Baba yako