Jicho Ndani ya Maji ya Tanganyika na Maswali Mengine ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa hapa Kibirizi, Kigoma. Maji ya ziwa letu ni maangavu, na nikiwa juu ya mtumbwi karibu na ufuko nayaona mawe ya chini waziwazi. Lakini nikipiga mbizi na kufumbua macho, hata vidole vyangu naviona kwa ukungu, mpaka nivae miwani ya kuzamia. Tatizo liko wapi, na samaki wao wanaonaje?

JIBU: Ndugu mvuvi, tatizo haliko katika maji wala katika macho yako, bali liko pale viwili hivyo vinapogusana. Ili kitu kionekane sawasawa, mwanga unaotoka kwake lazima upindishwe unapoingia jichoni, hadi ukusanyike kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo. Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na lenzi iliyo nyuma ya mboni, kumbe lenzi hiyo ni msaidizi tu. Jicho la mtu lina nguvu ya kupindisha mwanga ya dayopta (kipimo cha nguvu hiyo) zipatazo 60, na kati ya hizo kama 43 hutokana na konea, ngozi angavu iliyobinuka mbele ya jicho.

Mwanga hupinda unapovuka kwa mshazari kutoka mahali unaposafiri kwa kasi moja kwenda mahali unaposafiri kwa kasi nyingine. Hewani husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na majini kama 225,000. Ndani ya konea kasi yake inakaribiana sana na ile ya majini. Kwa hiyo ukifumbua macho ziwani, mwanga hupita karibu kana kwamba konea haipo, na retina hupata taswira ambayo bado haijakusanyika. Miwani ya kuzamia ya kawaida haina lenzi yoyote, kioo chake ni bapa, na faida yake yote ni kuirudisha hewa mbele ya konea. Hata hivyo mwanga hupinda pia unapotoka majini kuingia katika hewa hiyo, ndiyo maana jiwe lililo umbali wa mita 4 huonekana kama liko mita 3. Ukitazama chini kutoka mtumbwini hali ni hiyo hiyo, na mgeni anayeruka akidhani maji yatamfika kifuani huweza kujikuta yamemfunika.

Samaki, ambaye konea yake haimsaidii kitu, amepewa lenzi ya mviringo kamili yenye nguvu nyingi. Bila shaka umewahi kuitema: ni ile punje nyeupe, ngumu, unayokutana nayo ukila kichwa cha mgebuka. Ilikuwa angavu kabla ya kupikwa. Moto ndio ulioigandisha, kama unavyougandisha ute wa yai.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mjini Tabora, nina miaka 46. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni lazima niinyooshe mikono, na hata hivyo naweza juani tu, ndani siwezi. Mbali naona vizuri. Je, ni mtoto wa jicho?

JIBU: Kwa maelezo yako, sivyo inavyoelekea. Tumesema lenzi ya ndani ni msaidizi: kazi yake ni kubinuka zaidi tunapotazama kitu cha karibu. Mtu akiwa mtoto huweza kuongeza dayopta zaidi ya 10 kwa njia hiyo, lakini lenzi hukakamaa mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka 40 wengi wetu huanza kusogeza maandishi mbali. Juani mboni husinyaa, na mwanga unaopita kwenye tundu dogo hautawanyiki sana kwenye retina hata kama lenzi haikubinuka vya kutosha. Miwani ya kusomea yenye lenzi mbinuko itakufaa, na kwa umri wako mara nyingi huanzia dayopta 1 hadi 1.5. Nenda ukapimwe kwa mtaalamu kabla ya kununua, kwani macho mawili hayalingani sikuzote, na akupime presha ya macho papo hapo.

SWALI: Kwa nini kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, lakini hakigeuzi juu kuwa chini? Mwanafunzi, Kasulu.

JIBU: Hakigeuzi lolote kati ya hayo. Simama ukikitazama kioo kilicho upande wa kaskazini na unyooshe mkono kuelekea mashariki: taswira yako nayo itaonyesha mashariki. Unyooshe juu, nayo itaonyesha juu. Sasa kielekezee kioo chenyewe kidole, nayo itakuelekezea wewe. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma. Kulia na kushoto tunavigeuza sisi, tunapomfikiria yule wa kiooni kuwa ni mtu aliyezunguka akatukabili. Na kwa wanaotaka kununua kioo cha kujitazama mwili mzima, urefu wa nusu ya kimo unatosha: mwenye sentimita 160 anahitaji cha sentimita 80, mradi kitundikwe wima na ukingo wake wa juu uwe katikati ya macho na utosi. Kurudi nyuma hakutamwongezea chochote.