Nimealikwa kushuka korongo kwa kamba. Niende?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miaka 26, naishi Kirumba. Kaka yangu anasoma Utah, Marekani, na Septemba nitakwenda kumtembelea. Anataka tutembee jangwani karibu na mji wa Moab, kisha tushuke korongoni kwa kamba, pembeni ya daraja la mwamba liitwalo Morning Glory. Mawe ya Mwanza nimeyapanda tangu utoto, ila kamba sijawahi kuigusa. Nikubali?
– Binti wa Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kubali, mradi awepo mwongozaji anayeishi kwa kazi hiyo. Kaka aliyejifunzia kwenye video hahesabiki. Mimi nimepanda minara ya simu miaka kumi na tisa, Mwanza hadi Ukerewe, nikadhani kamba nimeimaliza. Nilipokwenda kumwona binti yangu huko, nilishuka njia hiyo hiyo.

Kitakachokuponza ni kuyazoea mawe ya hapa. Itale letu likinyeshewa leo, kesho umelikalia unakula sato. Kule ni jiwe la mchanga. Likilowa linalegea ndani hata kama juu limekauka, na pale uliposhika panakubakia mkononi. Mvua ikipita, wapandaji huliacha siku moja hadi tatu. Tena sisi mvua tunaiona ikivuka ziwa, tunawahi kuanua nguo. Korongoni unaona kipande cha mbingu chembamba kama utepe, na Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya radi na mvua za ghafla. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope, jimbo jirani la Arizona, watu 11 walichukuliwa na maji ya mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Kwa hiyo asubuhi uliza hali ya hewa ya huko juu maji yanakotoka. Mwongozaji akisema leo hatushuki, usimbembeleze.

Kimo kisikutishe. Moab iko mita 1,200 na ushee kutoka usawa wa bahari, na ziwa letu liko 1,134. Shida ni ukavu: jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona huna kiu. Beba lita 4 za maji. Njiani kuna udongo mweusi wenye vinundu, kama ukoko wa wali. Una viumbe hai, na ukiukanyaga unachukua miaka mingi kurudi. Pita juu ya mwamba au kwenye mchanga wa kijito kikavu.

Sasa kamba. Mteremko wa mwisho una mita 30 na ushee, na sehemu kubwa miguu haigusi kitu. Kuegemea nyuma ukingoni ndiyo hatua ngumu, baada ya hapo hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, inakubeba. Mimi ukingoni nilijidai. Katikati shati likachomoka, pindo likamezwa na chuma cha kushukia. Nikabaki naning'inia, fundi wa minara mzima, navuta shati kama mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge, na kila nikivuta linazidi kuingia. Ilibidi mwongozaji ateremke kwa kamba nyingine, anifunge kwake, uzito uhamie huko, ndipo pindo likatoka limetafunwa. Shati ni shati. Ingekuwa nywele je? Ukisuka rasta, zifunge, uzitumbukize ndani ya nguo; helmeti pekee haizizuii. Na kabla hujavaa hanesi, muulize mwongozaji: ukikwama katikati, atakufikiaje?

Daraja lenyewe lina upana wa mita 74 kutoka nguzo hadi nguzo, utalitazama mpaka shingo iume. Chini yake kuna chemchemi na majani mabichi yanayokuita baada ya jua lote lile. Ukiona mmea wenye majani matatu matatu, usiuguse. Unawasha kama upupu, tofauti ni kwamba wenyewe hukawia siku moja au mbili. Mimi ulinianza ndani ya ndege, nikirudi nyumbani.