Si injini inayoinua ndege

Wengi husema injini ndiyo inayoinua ndege. Hapana, haiinui. Inaivuta mbele tu. Anayeinua ni bawa. Ukingo wake wa mbele umeinuka kidogo, hivyo linasukuma hewa chini nayo hewa inalisukuma juu. Ni kazi ileile ya tanga la jahazi likienda joshi (karibu kuelekea upepo unakotoka), ila bawa limelazwa. Ndege ndogo za Cessna Caravan zinazotua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, zikijaa, hufika karibu tani 4 juu ya mabawa ya mita 26 za mraba: kila mita ya mraba inabeba kilo 150 hivi! Mwendo ukiongezeka mara 2 kwa pembe ileile ya bawa dhidi ya hewa, nguvu ya kuinua inakuwa mara 4. Lakini pembe hiyo ya bawa ikipita nyuzi 15 hivi, hewa inabanduka mgongoni mwake na ndege inashuka, hata injini ikinguruma.