Lupu inayokwama ikirudi mwanzo
Ndugu, umeuliza kwa nini lupu zako za ngoma (vipande vifupi vya sauti vya kurudiarudia) zinakwama kila zinapojirudia. Mara nyingi mkosaji ni MP3: huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Hifadhi kama WAV, aina ya faili isiyoongeza ukimya huo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, baa 4 (mafungu ya mapigo manne manne) ni sekunde 8 kamili, kata hapo hapo. Mimi hupiga mzunguko mara mbili mfululizo, kisha nachukua ule wa pili, kwa sababu mwanzoni mwake bado kuna mvumo wa toazi la mwisho la mzunguko wa kwanza. Huusikii mshono kabisa! Na tafadhali, andika kasi kwenye jina la faili, wanaopakua wanahangaika sana. Ukirekodi kwa simu, iwe hatua mbili tatu kutoka kwenye ngoma ya besi, la sivyo sauti inapasuka.