Ruzuku ya taka: anzeni na mzani

Dada wa Nyalenda, Kisumu, nimekupata: mko kumi na wanne, mnatenga maganda na plastiki za sokoni, mnauliza mtapataje ruzuku, na jamaa anataka shilingi 5,000 "awafuatilie" ruzuku. Msimpe hata senti. Anayetoa ruzuku ya kweli haombi chai mbele.

Kwanza cheti cha kikundi, chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, na akaunti ya benki ya kikundi, si ya mwenyekiti. Kisha mzani wa kupimia taka zenu. Sisi hapa Nakuru tulinyimwa mara ya kwanza kwa kuandika "taka nyingi". Mara ya pili tulipeleka daftari lenyewe, kurasa zimepakaa mboji, kilo za kila Jumamosi, na picha za magunia. Hapo wakatusikiliza.

Jaribuni ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, zinazosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Huita maombi kwa awamu, kwa hiyo msingoje siku ya mwisho. Hazina ya Uwezo ya serikali ni mkopo, utalipa!

Mkipanga kubeba taka kwa gari, ulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu leseni kabla ya bajeti. Bajeti nayo mhasibu aipitie; yetu ilisahau glavu na kodi ya mkokoteni.