Bimkubwa hasikii kiu mchana, usiku haja ndogo haiishi

Swali: Dokta, mama yangu ana miaka 72, tupo Makorora hapa Tanga. Na joto lote hili la kaskazi maji hagusi mpaka umlazimishe, usiku sasa anaamka mara tatu nne kukojoa. Jirani anasema homoni zimemwishia, kuna dawa ya kuziongeza?

Jibu: Pole ndugu yangu, na bimkubwa mpe shikamoo yangu. Homoni zinahusika kweli, ila sio kwamba zimeisha. Kuna moja inaitwa vasopresini, inatengenezwa kwenye ubongo inasafiri na damu mpaka kwenye figo kuziambia zibane maji, na mzee mara nyingi ukimpima anayo ya kutosha tu, shida figo zimekuwa nzito kuitikia, yaani simu inaita vizuri ila hakuna anayepokea. Afu kijana usiku hii homoni inapanda ndo maana analala mpaka alfajiri, kwa mzee huko kupanda kunapungua. Na kiu ni hivyo hivyo, ubongo unachelewa kushtuka kwamba damu imekolea chumvi, kwa hiyo mtu anaweza akawa amekaukiwa maji na hasikii chochote.

Dawa ya kuiga hiyo homoni ipo, desmopresini, lakini nakusihi usiende kuinunua dukani, kwa wazee inashusha sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu mpaka mtu anachanganyikiwa au anapata degedege.

Kwanza kapimeni sukari na mkojo, hospitali ya Bombo au kituo chochote cha karibu, maana insulini, homoni ya kushusha sukari, nayo umri ukienda mwili unaanza kutoisikia na kisukari kinakojoza vilevile. Sukari ya asubuhi kabla hajala ikifika 7.0 mmol/L msikae kimya, daktari atairudia kuhakikisha. Halafu mtafutieni jagi lenye vipimo, pimeni mkojo wote wa saa 24, ule wa usiku ukizidi theluthi moja ya wote basi ni figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku, ila kila akienda ukitoka kidogo kidogo tu muangalie kibofu. Kama anameza vidonge vya presha vya kukojoza muulizeni daktari saa ya kuvimeza.

Maji msimnyime jamani! Kama hana ugonjwa wa moyo au figo, mpeni glasi kila akimaliza kuswali adhuhuri na alasiri, hata kama hajaomba, baada ya magharibi ndo mpunguze. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka ghafla au mdomo umekauka na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.